Mguu wa Kapiteni

Kesho binti yangu anataka kucheza, na kifundo cha mguu wake wa kulia kimevimba kama andazi. Amekificha tangu katikati ya wiki kwa kuvaa soksi ndefu katika joto hili la Baraka, akidhani mama yake ni kipofu. Nimekikanda kwa maji ya moto, nimekipaka mafuta ya mawese, nimemwambia hachezi na mazungumzo yameisha. Amenitazama tu. Naujua mtazamo ule. Ulikuwa wangu, na kabla ya kuwa wangu ulikuwa wa baba yangu.

Inabidi nianze na baba, maana hapa Baraka kila jambo langu linaanza na baba, nipende nisipende. Nikipita sokoni na beseni langu la ndakala, dagaa wa ziwa letu, hakuna anayeniuliza nimeamkaje. Wanasema, "Mutoto ya Kapiteni huyo," halafu macho yao yanashuka mpaka kwenye goti langu. Baba alikuwa nahodha wa timu ya mpira ya Baraka kabla vita havijatutawanya. Huko Fizi mlimani walimjua, Lweba walimjua, na vijiji vya Ubwari, ambako watu hufika kwa mtumbwi, walimjua bila kuwahi kumwona. Wapo wazee hapa wasiokumbuka siku waliyooa, lakini bao alilowafunga Uvira watakueleza mpaka upepo ulikokuwa unatokea.

Nami nimelisikia bao hilo mara nyingi kuliko nilivyosikia jina langu. Uvira walikuja na lori, wamejaa maringo. Kipindi cha kwanza beki wao, mtu mnene kama gunia la mihogo, akampiga baba teke la ugokoni. Uwanja mzima ukasikia mlio: kwaa! Baba akaanguka. Damu ikajaa soksi. Mtu wa ndoo akakimbia na maji ya ziwa, akamwagia mguu, akatikisa kichwa. Wanawake wakashika vichwa vyao. Hapo baba akainuka, akanyanyua mkono mmoja kiganja wazi, kuwaonyesha watu kwamba yuko, akarudi ndani akichechemea. Kabla mechi haijaisha akafunga kwa kichwa. Walimbeba mabegani mpaka nyumbani, na jua lilipozama mji wote ulishajua kwamba Kapiteni amecheza na mguu uliovunjika. Wiki iliyofuata alipoonekana akitembea kwenda kisimani, hakuna aliyejiuliza swali. Walisema mfupa wake umejiunga wenyewe.

Ndivyo tulivyo. Tukishapenda hadithi, mfupa nao utajiunga.

Vita vilipokuja tulivuka ziwa kwenda kambini Tanzania, na hadithi ikavuka nasi. Hatukuvuka na kitu kingine cha maana. Nyumba ilibaki, shamba lilibaki, bibi yangu alibaki kaburini. Baba alikuwa fundi seremala asiye na randa, na kambini fundi asiye na randa ni mtu tu wa kupanga foleni. Lakini kwenye foleni ya maji walitokea watu wa kwetu, wakamtambua, wakasema, "Kapiteni, pita mbele." Alipita. Nilikuwa mdogo, nimeshika kidumu changu nyuma yake, na nilijisikia mtoto wa mfalme. Jioni vijana walikaa kumsikiliza, na walipofika kwenye ule mlio baba alinyamaza ili wao wenyewe waseme kwaa. Walisema wote kwa pamoja.

Tuliporudi Baraka nilikuwa msichana mkubwa. Timu ilifufuliwa, na kamati ikafufua pamoja nayo desturi ya zamani. Mchezaji anayestaafu anaingia uwanjani na mtoto wake kabla ya mechi, anavua jezi yake ya zamani na kumvalisha mtoto mbele ya watu, na mtoto huyo ndiye anayepiga mpira wa kwanza siku hiyo. Aliyevalishwa ni wa timu. Hasemi tena kwamba hataki, na wazazi wake hawasemi. Wazee wengi walikuwa na watoto wa kiume wa kuvalisha. Baba alikuwa nao wawili, lakini mmoja alikuwa Misisi akichimba dhahabu, na mwingine alioa Ubwari akawa mtu wa nyavu. Kwa hiyo akaniita mimi.

Watu walicheka. Mwanamke mmoja alipaza sauti, akimaanisha mama, "Kapiteni, utamuvalisha na bibi yako?" Baba alivua jezi, ikiwa na jasho lake bado, akanivisha juu ya blauzi yangu. Ilinifika magotini. Nilipiga mpira ule, ukaenda mbali, ukanyooka, na kicheko kikakatika. Sijawahi kuwa na furaha kama ile tena, wala siitarajii. Nilimtazama baba. Alikuwa analia waziwazi, bila kujifuta.

Nilikuwa mchezaji mzuri. Sisemi kwa maringo. Nasema kama mtu anayekuambia kwamba alikuwa na nyumba kabla haijaungua. Wasichana tulianzisha timu yetu, tukacheza kwanza kwenye uwanja wa shule, baadaye kwenye uwanja mkubwa. Mabeki wa kike hapa hawana huruma, wanalima na kupanda milima, wana mapaja. Nao walinishindwa. Baba aliwekewa kiti cha plastiki pembeni mwa mstari, na hakuna mwingine aliyethubutu kukikalia, hata mvua iliponyesha na baba akakosa kuja. Kiti kilibaki pale, kikilowa.

Halafu ikaja mechi yetu na Fizi. Timu iliyoshinda ingekwenda Uvira, na huko wangekuja watu wa timu kubwa ya Bukavu kuchagua wasichana. Aliyechaguliwa angekaa Bukavu, angecheza, na wangemsomesha. Hilo la kusoma ndilo lililoninyima usingizi. Nilikuwa nimeacha shule kwa sababu ambazo kila mtu hapa anazijua bila kuuliza. Sikuwa na mlango mwingine wa kutokea isipokuwa huo. Mama alijua, baba alijua, na kocha, mwalimu wa shule ya msingi mwenye sauti nyembamba, alijua kuliko wote.

Kipindi cha kwanza niligeuka na mpira, beki wa Fizi akaja kwa ubavu, na goti langu likaenda upande ambao goti haliendi. Halikulia kwaa. Lilitoa sauti ndogo, ya ndani, kama mtu anavyong'oa jani la muhogo kwenye shina. Nililala chini nikaona mbingu. Mtu wa ndoo akaja, mwingine sasa, kijana, na maji yale yale ya ziwa. Kocha akapiga magoti, akaligusa, nikapiga kelele.

"Tumutoshe," alisema kocha. "Huyu hawezi tena. Tumutoshe inje."

Hapo ndipo uwanja ulipoanza. Kwanza sauti moja, halafu upande mzima wa ziwani: "Baba yake alichezaka na muguu ya kuvunjika! Amuke! Mutoto ya Kapiteni, amuka!" Walipiga makofi kwa mpigo. Wanawake waliokuwa wakiuza karanga walisimama. Na kocha, maskini, ambaye alikuwa na akili na alijua anachokiona, aligeuka akamtazama baba kwenye kiti chake. Ndivyo kwetu ilivyo: mtoto aliyevalishwa, mwenye neno la mwisho juu yake ni yule aliyemvalisha.

"Kapiteni," aliuliza, "tumutoshe ao abakie?"

Nami nilimtazama baba. Nilikuwa naomba kwa macho, na mpaka leo sijui vizuri nilikuwa naomba nini. Nadhani nilitaka aseme nitoke, ili nitoke bila aibu. Baba alisimama taratibu. Akanyanyua mkono mmoja, kiganja wazi.

Uwanja ulipasuka kwa vigelegele. Walinifunga goti kwa kitenge cha mtu, wakaniinua, nikarudi ndani.

Nilicheza. Hilo siwezi kulikana. Nilicheza mpaka karibu na mwisho, nikisimama zaidi ya kukimbia, na kila niliposogea watu waliimba. Halafu mpira ulinijia polepole, hakuna mtu karibu yangu, nikaweka mguu kuusimamisha, na goti likageuka lenyewe. Safari hii sikupiga kelele. Nilijua. Msichana aliyeingia mahali pangu alifunga bao dakika za mwisho, tukashinda, na walinibeba mabegani mimi, si yeye. Nikiwa juu ya mabega ya wanaume wale, mguu ukining'inia kama nguo kwenye kamba, niliwachukia wote, mmoja mmoja.

Timu ilikwenda Uvira bila mimi. Walimchagua yule aliyeingia mahali pangu. Yuko mbali sasa, ana mume na cheti, na akikumbuka hunitumia salamu. Sina neno naye. Bao alilifunga mwenyewe.

Mimi nilipelekwa Lubondja kwa pikipiki, kwa mzee anayeunga mifupa. Alikuwa mtu mpole, na kwa mifupa iliyovunjika sina shaka ni fundi. Lakini goti langu halikuvunjika, lilikatika nyuzi za ndani, na yeye alilivuta na kulinyoosha kama mfupa. Alilivuta siku nyingi. Niliporudi, muuguzi wa Baraka alilitikisa kidogo kwa vidole, akauma mdomo, akasema hili ni la Bukavu. Alisema Bukavu kama padri anavyosema mbinguni. Barabara siku hizo ilikuwa na watu wenye bunduki, kila kona na wake. Nilibaki nyumbani.

Nililala kwenye mkeka uani, chini ya ukingo wa bati, mguu juu ya gunia. Siku moja mama alikuwa sokoni, na baba alikaa karibu yangu akimenya mihogo. Baba hakuwa mtu wa kumenya mihogo. Alimenya mmoja, akautupa kwenye beseni, akasema bila kuinua kichwa:

"Ile muguu haikuvunjikaka."

Nilidhani anasema juu ya mguu wangu. Nikamwambia, ndiyo, muuguzi amesema ni nyuzi.

"Yangu," alisema. "Ya siku ya Uvira. Haikuvunjikaka. Ilikuwa mwanzi."

Akanieleza. Siku hizo hawakuwa na vilinda ugoko vya dukani. Waliletewa mianzi na watu washukao kutoka milimani, wakapasua vipande, wakalainisha kingo kwa kisu na kuviingiza ndani ya soksi. Kilichopasuka siku ile, kilichosikika uwanja mzima, kilikuwa kipande cha mwanzi. Ncha yake ilimchoma, ndiyo damu. Jioni mama yangu aliitoa kwa sindano. Mguu wenyewe ulikuwa mzima kama huu, akasema, akaupiga ugoko wake kwa ubapa wa kisu.

Halafu niliuliza swali moja tu. Nilimuuliza, kama ulijua hivyo, kwa nini ulinyanyua mkono?

Baba alitazama mihogo yake. "Batu bote balikuwa banaangalia," alisema.

Basi. Hiyo ndiyo sababu. Nilisubiri nyingine ifuate, haikufuata. Nilimrushia kipande cha muhogo, kikampiga kifuani, na hakukikwepa. Nilimwambia maneno ambayo binti wa Kibembe hamwambii baba yake, na aliyapokea yote akiwa ameinamisha kichwa. Mama aliporudi nilimwambia kwamba nitakwenda uwanjani Jumapili na magongo yangu nikawaambie watu ukweli. Mama alitua beseni lake.

"We muache baba yako na muguu wake," alisema. "Hana kingine."

Nilimwacha. Si kwa huruma, wala si kwa heshima. Nilichoka. Na baadaye niligundua jambo lililonikera zaidi: hata kama ningesema, nani angeniamini? Nilijaribu mara moja sokoni, miaka ilipopita, mbele ya wanawake wenzangu wa ndakala. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. "Mwanzi!" walisema. "Mutoto ya Kapiteni iko na wivu na baba yake!"

Nilimzaa binti yangu na mwanamume ambaye sasa ana nyumba nyingine, na nilijiapia kwamba mtoto huyu atajua hesabu, atajua kushona, atajua kuogelea, lakini jezi ile haitaugusa mwili wake. Nilikula kiapo kizuri, nikakitunza vizuri. Siku moja nilikwenda Lubondja kutafuta unga, na nikiwa huko baba alimshika mkono mjukuu wake wakaenda uwanjani. Niliporudi binti yangu alikuwa amelala na jezi mwilini. Imepauka, namba haisomeki. Nilitaka kuichoma, lakini alikuwa ameishika kwa mikono miwili usingizini.

Ni mzuri kuliko nilivyokuwa. Hilo linaniuma pia, na ninalisema. Nikipita karibu na uwanja na beseni langu huwa nasimama nyuma ya watu, ili asinione, na moyo wangu unaruka pamoja na mguu wake kama mjinga. Halafu naanza kuwasikia watu. Hawaimbi tena baba yake, maana baba yake hana hadithi. Wanaimba babu na mama. "Koko yake muguu, mama yake goti! Kapiteni batatu!" Ndivyo nilivyoingia kwenye wimbo. Nachechemea mbele ya macho yao kila siku ya soko, na kwao ule uchechemeaji ni bendera.

Kesho wanacheza na wasichana wa Fizi. Wale wale, au binti zao. Safari hii mshindi haendi popote. Barabara ya kwenda juu imefungwa na vita, Bukavu si Bukavu ile, na hakuna mtu wa kuja kuchagua mtu yeyote. Ni mechi tu. Hilo ndilo linalonitia wazimu. Mimi angalau niliharibu goti nikitafuta mlango. Yeye atauvunja mguu wake kwa ajili ya makofi.

Kwa hiyo jana, nilipoona maneno yangu hayaingii, nilimpeleka kwa baba. Baba amezeeka, sikio moja limekwisha, anakaa mlangoni na redio isiyo na betri. Nilimkalisha binti yangu mbele yake, nikamvua ile soksi ndefu, nikamwonyesha baba uvimbe. Nikamwambia kwa sauti kubwa, ili sikio zima lisikie: "Baba, mwambie. Mwambie wewe. Mimi hanisadiki."

Nilidhani atakataa. Alikuwa na haki ya kukataa. Kilikuwa kitu cha mwisho alichobaki nacho, mama alishanieleza. Alinyoosha mkono akakishika kile kifundo, taratibu, akakizungusha kwa dole gumba kama mtu anayechagua embe sokoni. Halafu akasema.

"Mutoto, mi nilidanganya batu. Muguu yangu haikuvunjikaka. Ilikuwa mwanzi njo ilipasuka. Usicheze na hii."

Alisema yote. Alieleza mianzi, kisu, sindano ya mama yangu. Alieleza na mkono wake aliounyanyua siku ile mimi nikiwa chini, na hapo alilia, na mimi, ambaye nilisubiri maneno hayo nusu ya maisha yangu, nililia naye. Nilifikiri, sasa imekwisha. Nilimsamehe baba yangu pale pale mlangoni, nililisikia jambo hilo likitoka kifuani mwangu kama pumzi. Binti yangu alitusikiliza kwa adabu, mikono magotini. Alikuwa anafikiri. Ana akili mtoto huyu.

"Sawa," alisema mwishoni. "Koko alidanganyaka." Halafu akanigeukia, na uso wake ulikuwa umejaa upendo, ndicho kinachonimaliza, ulikuwa umejaa upendo na fahari. "Lakini weye, mama, haikuwa mwanzi. Weye ulicheza kweli."

Baba alinitazama.

Ningemwambia nini? Kwamba nililazimishwa? Mtoto yuko sahihi: nilinyanyuka, nilicheza, nusu ya mji iliona. Ningemwambia kwamba niliumia? Analijua goti langu kuliko mtu yeyote, ndilo analoegemea tukikaa jioni. Kumbe miaka yote nilikuwa nagombana na uongo wa baba, na mtoto wangu alikuwa akikua juu ya ukweli wangu.

Godasi zake, vile viatu vya kuchezea mpira, nimezifungia sandukuni, na ufunguo nimeuvaa shingoni. Asubuhi hii nimemsikia nyuma ya nyumba akimwomba binti wa jirani amwazime zake, na binti wa jirani akisema ndiyo, kwa mutoto ya Kapiteni ndiyo. Kocha wao amepita kunisalimia, akaniuliza kama kesho nitakuja kukaa mbele. Amesema miguu ya baba haimfikishi tena uwanjani, na kamati imeona kile kiti cha plastiki sasa nikikalie mimi.